Siti binti Saad: sauti iliyobaki vinywani mwa wazee

Kila panapotangazwa usiku wa nyimbo za Siti binti Saad, viti vya mbele hujaa mapema, na wanaovijaza ni watu wazima. Kina bibi huja na mabuibui yao na kanga mabegani, na wazee wa kiume huja na kofia za viua zilizofuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Jukwaani mambo ni kinyume. Wanaoshika udi, fidla na matari mara nyingi ni vijana waliozaliwa miongo mingi baada ya mwenye nyimbo kuzikwa. Vijana hao wamejifunza sauti ya wimbo kwa mwalimu, kwa santuri au kwa intaneti. Lakini likifika jina la mtu ndani ya wimbo, jina la karani fulani au la mtaa fulani, anayetikisa kichwa na kucheka ni bibi aliyeketi mbele, na kijana aliye nyuma humwinamia kumuuliza kuna nini.

Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano siku hiyo leo yuko katika miaka ya tisini au amekwisha tangulia mbele ya haki. Kwa hiyo wengi wa wasikilizaji hawa wenye mvi hawakumwona kwa macho. Walimpokea kwa mama zao na kwa bibi zao, waliokuwa wakiziimba nyimbo zake huku wakisuka ukili au wakikuna nazi, na katikati ya ubeti wakakatiza kueleza: huyu alikuwa mtu wa wapi, alifanya nini, na kesi yake ilikwishaje. Maelezo hayo hayamo katika santuri yoyote.

Maisha ya mwanamke huyu yamesimuliwa mara nyingi kama habari ya Unguja peke yake. Kwa watu wa mwambao wa kaskazini, wa Burgao, Chula, Chovai, Koyama na Kismayo, yana maana nyingine pia. Mwaka aliozaliwa, pwani yao na kijiji chake zilikuwa katika himaya moja. Mwaka ambao sauti yake ilinaswa katika santuri, zilikuwa zimekwisha kutenganishwa kwa mikataba.

Mtumwa, kisha Siti

Alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani kusini mwa mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake, Saadi, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua. Walikuwa miongoni mwa maelfu ya watu ambao koo zao ziliingia kisiwani kwa njia ya utumwa. Mtoto aliitwa Mtumwa. Halikuwa jina la utani, wala halikukusudiwa kumtukana. Ndilo jina alilopewa, na lilieleza mahali pake katika dunia ya wakati ule kwa neno moja. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, alipokuwa amekaribia utu uzima, lakini sheria haikubadili mara moja ni nani anayemwamkia nani kwanza njiani.

Wakati huo Sultani Barghash bin Said ndiye aliyetawala. Bendera yake ilipepea Unguja na Pemba, ikapanda mwambao hadi Lamu, na mbele zaidi hadi Kismayo, Barawa, Merka na Mogadishu. Majahazi na mashua za Wabajuni zilishuka na upepo wa kaskazi zikichukua boriti za mikoko na samaki mkavu, zikangoja huko kusini mpaka kusi ianze kuvuma, kisha zikarudi na bidhaa za mjini. Hori la Burgao, lenye mikoko mingi na maji tulivu, lilikuwa mojawapo ya vituo vya safari hizo. Baharia aliyetoka huko hakuhitaji mkalimani Unguja. Alichekwa kidogo kwa lafudhi yake ya Kitikuu, naye akawacheka Waunguja kwa yao.

Msichana wa Fumba hakupelekwa shule, na kusoma na kuandika hakujua. Kazi aliyofunzwa na mama yake ni ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavichoma, akavibeba kwenda kuviuza mjini kwa miguu, na njiani akaviimbia ili watu wajue kuwa mwuzaji anapita. Inasemekana kuwa sauti ilitangulia mbali kuliko mtu, na kwamba wanunuzi walitoka nje kabla hajafika mlangoni. Huenda masimulizi yametia chumvi, kwani hivyo ndivyo yanavyotaka watu wakubwa waanze. Ila hapana shaka kwamba mapafu yaliyozoea kuita wateja juani ndiyo yaliyokuja kuimba hadi alfajiri bila kipaza sauti.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikuwa amekwisha kupita miaka thelathini, umri ambao mwanamke wa tabaka lake hakutazamiwa kuanza jambo lolote jipya.

Taarabu aliyoikuta huko ilikuwa mali ya watu wengine. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliipenda muziki ya Kimisri, na inakumbukwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze ala, hasa kanuni. Iliimbwa kwa Kiarabu, ndani ya kasri na katika nyumba za watu wenye nafasi. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu ambacho kingali hai mpaka leo. Kilikuwa chama cha wanaume. Mmoja wa wanachama wake, Ali Muhsin, alimsikia yule mfinyanzi akiimba na akaamua kumfundisha: matamshi ya Kiarabu, namna ya kufuata udi, na namna ya kuishikilia sauti mpaka msikilizaji akaishiwa na subira.

Ni katika miaka hiyo ndipo jina la Siti lilipomshika. Kwa Kiarabu maana yake ni bibi, mwanamke mwenye heshima. Aliyeitwa Mtumwa akawa Siti, na mji mzima, pamoja na wale ambao wazee wao waliwahi kumiliki watu, ukalazimika kumwita bibi kila ulipomtaja. Hakuna hotuba ya siasa iliyofanya hivyo kwa wepesi namna ile.

Barazani kwa watu wa Ng'ambo

Kikundi chake kilikuwa kidogo. Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban, na Mbaruk Talsam, kipofu aliyetoka Mombasa: hawa ndio wanaotajwa pamoja naye kila mara. Walialikwa kwenye harusi za matajiri na katika kasri ya Sultani, wakaimba kwa Kiarabu na hata kwa Kihindi wenye shughuli walipotaka hivyo. Huko Siti alilipwa na kusifiwa.

Lakini nyimbo zilizomfanya akumbukwe zilitungwa kwingine. Ng'ambo ni upande wa pili wa lile hori lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya udongo na makuti, na huko ndiko walikoishi waliokuwa watumwa, wachukuzi, wapishi, madobi na wahamiaji kutoka bara na visiwa vingine. Huko ndiko nyumba ya Siti ilikokuwa, na watu walikusanyika usiku baada ya kazi. Mtu alileta habari ya siku hiyo: nani amedhulumiwa mshahara, nani amefungwa, karani gani amekula fedha za wajane. Habari ilijadiliwa, ikachekwa, ikaliliwa, na baada ya siku chache ikawa wimbo. Wimbo uliimbwa kwa Kiswahili cha watu wale wale walioleta habari. Hapo ndipo Siti alipobadili taarabu kabisa. Aliichukua ala ya kasri akaitia maneno ya uani.

Ni kweli kwamba wanawake wa pwani walikuwa na ushairi mkubwa kabla yake. Mwana Kupona, mke wa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi katika miaka ya 1850, na kaskazini yote unajulikana. Lakini Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala, na utenzi wake uliandikwa kwa herufi za Kiarabu ukahifadhiwa na waliojua kusoma. Siti alitunga na wenzake kwa kinywa, mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Waliokuwepo ndio waliokuwa daftari.

Mfano unaotajwa zaidi ni wimbo wa Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja, akatoka usiku na watu kwenda kwenye starehe, akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti akiwa mja mzito. Muuaji akavuka bahari akatorokea bara. Kesi ilipofika mahakamani, waliobaki mbele ya hakimu ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, nao ndio walioadhibiwa, kwa habari ya pombe. Damu ilikosa wa kuidai.

Mtu anayeusikia wimbo huu leo bila maelezo atasikia sauti ya huzuni na jina la mwanamume. Hatajua kwamba kila aliyekaa barazani usiku ule alimjua mshtakiwa, aliwajua mashahidi, na aliipita mahakama ile kila siku akienda kazini. Wimbo ulikuwa rufaa. Haukuwa na wakili, na haukumrudisha Kijiti, lakini ulihakikisha kwamba hukumu ya watu inasikika pale ambapo hukumu ya serikali ilinyamaza. Umekwisha kupita karibu karne moja, na jina la hakimu halikumbukwi na mtu wa kawaida. La Kijiti linakumbukwa.

Umaarufu ulimletea maneno. Washindani walimwimbia nyimbo za kumdhihaki: ametoka shamba kwa miguu, hana sura, hana ukoo, amekuwa mtu lini. Siti hakukana hata moja. Alijibu kwa wimbo uliopima mambo upya, akiiweka akili na tabia njema juu ya uzuri wa uso na nasaba. Tusi lililokusudiwa kummaliza likamletea mojawapo ya nyimbo zake zinazopendwa zaidi, na katika maonyesho ya leo ni hapo hasa ambapo kina mama huinuka vitini, wakaenda mbele taratibu na noti mkononi kumtunza mwimbaji. Kila mmoja ana mtu wake anayemkusudia, na hamtaji.

Dakika tatu za Bombay

Machi 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Hapo ndipo sauti yake ilipoanza kusafiri bila yeye. Santuri ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache, jambo ambalo kampuni yenyewe haikulitarajia kwa lugha ya Kiafrika, na baada ya muda si mrefu makampuni mengine ya Ulaya yakaja pwani kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Wenye kinanda cha santuri walikuwa wachache, lakini kinanda kimoja kilitosha mkahawa mzima, na mkahawa mmoja ulitosha mtaa. Watu wa Afrika Mashariki ambao hawangeweza kamwe kufika Ng'ambo wakamsikia mwanamke wa Ng'ambo akisimulia kesi zao.

Hata hivyo santuri ilikuwa na bei yake, na si ya fedha. Upande mmoja wa sahani ile nyeusi, nzito, iliyovunjika kama kigae ikianguka, ulichukua dakika tatu au kupita kidogo. Wimbo wa barazani haukuwa na dakika. Ulikwenda kadiri watu walivyotaka. Beiti ziliongezwa kwa ajili ya aliyeingia sasa hivi, kibwagizo kikarudiwa mpaka kila mtu akapata zamu ya kucheka, na ala zikapewa nafasi ya kusema peke yake. Bombay ilibidi vyote hivyo vikatwe. Kilichobaki ni kama kipande cha kanga: rangi ni ile ile na nakshi ni ile ile, ila jina lililoandikwa pembeni limekatwa.

Vikundi vinavyomkumbuka leo hufanya kazi kutokana na kipande hicho. Mpiga udi mwenye bidii anaweza kunakili kila pigo lililomo katika santuri ya 1928, na wapo wanaofanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Lakini akimaliza dakika zake tatu, ukumbini huwa kimya kidogo, kwa sababu wazee wanangoja beiti zilizobaki. Kuna usiku ambapo mmoja wao huzianza mwenyewe, kwa sauti iliyokwisha kuchoka, na wapigaji wakalazimika kumfuata. Wanaopenda mambo yaende kwa ratiba hukereka. Wanafaa kuvumilia, kwa sababu wakati huo ndio unaokaribiana zaidi na baraza ya Ng'ambo.

Santuri zilipotoka, pwani yenyewe ilikuwa imekatwa vipande. Kismayo na nchi ya Jubaland, hadi Rasi Kiamboni, zilikuwa chini ya Waingereza na zilihesabiwa katika Kenya mpaka Juni 1925, Uingereza ilipozikabidhi kwa Italia kutimiza ahadi ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo Siti alipoimba Bombay, Burgao ilikuwa na miaka mitatu chini ya bendera ya Italia, Lamu ilikuwa chini ya Waingereza, na Unguja ilikuwa na Sultani aliyelindwa na Waingereza hao hao. Mbajuni mwenye ndugu Kiunga na ndugu Burgao akawa na ndugu katika dola mbili, ijapokuwa bahari waliyovulia ni moja. Baada ya hapo vitabu vya historia viligawana: huku Somalia, huku Kenya, huku Zanzibar. Lugha ya Kiswahili kaskazini mwa Rasi Kiamboni ikawa lugha ya wachache ndani ya nchi ya wengine, bila hata mzungumzaji mmoja kuhama nyumba yake.

Siti alirudi kurekodi zaidi ya mara moja. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya utulivu kuliko ile ya kati. Muda mfupi kabla ya kifo chake alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, aliyeketi naye, akamwuliza habari za maisha yake na kuziandika. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa baada ya mwenyewe kufariki, na umesomwa mashuleni kwa vizazi kadhaa. Sauti ya Unguja, redio ya visiwani, ilianza kutangaza mwaka 1951. Ilimkosa kwa mwaka mmoja.

Baada yake

Aliyeibeba amana hiyo kwa muda mrefu kuliko wote ni Fatuma binti Baraka, anayejulikana na dunia nzima kama Bi Kidude. Katika usichana wake alimsikiliza Siti, akazinasa nyimbo kwa sikio, akaziimba Unguja, bara na baadaye Ulaya hadi uzee mkuu. Bi Kidude hakuwa nakala ya Siti. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza, mwendo wake wa jukwaani ulikuwa wa mtu asiyeomba ruhusa, naye alipiga ngoma kubwa ya msondo aliyoifunga kiunoni. Lakini alipoimba wimbo wa Kijiti, aliyekuwa akiimba alimjua mtu aliyewajua wenye kesi. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na umbali huo ukaongezeka ghafla kwa kizazi kizima.

Tangu hapo kazi imeingia mikononi mwa waliosoma muziki darasani, katika chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi mjini Unguja na kwingineko, na mwa watu wa damu yake. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake huyo, ikiwa na udi pamoja na sauti za mitambo ya kisasa. Wapo waliofurahi, na wapo waliolalamika kwamba taarabu haikuumbwa kwa ajili hiyo. Walalamikaji husahau kuwa wazee wa kasri walisema vivyo hivyo waliposikia mwanamke wa Fumba akiiimba kwa Kiswahili.

Kwa Wabajuni jambo hili lina uzito wa namna yake. Kaskazini pia kulikuwa na waimbaji wakubwa. Kulikuwa na vave, nyimbo za wakulima zilizokesha usiku wa kuamkia siku ya kuchoma mashamba, zenye beiti nyingi na fumbo ndani ya fumbo. Kulikuwa na kirumbizi, mchezo wa bakora wenye nyimbo zake, na kulikuwa na nyimbo za mabaharia za kuvuta tanga. Hakuna meli iliyowachukua waimbaji wa vave kwenda Bombay. Walibaki wataalamu wachache waliokwenda kwao na daftari, na baadaye na vinasa sauti. Zaidi ya hapo, santuri ya Mbajuni ilikuwa kichwa cha Mbajuni.

Na vichwa hivyo vilitawanyika. Vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwafukuza watu visiwani na pwani. Waliingia mashuani kuelekea Kiunga, Lamu na Mombasa, wakakaa kambini, wakaenda Yemen, Uingereza na Marekani, na wengine wakarudi kwenye nyumba zilizokwisha kuporwa. Kati ya 2008 na 2012 Kismayo ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab, na muziki ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyokatazwa. Harusi zilifanyika kimya kimya. Mtoto aliyezaliwa Kismayo au Burgao katika miaka hiyo alifika umri wa kwenda chuoni bila kusikia bibi yake akiimba kwa sauti ya kufika nje ya ukuta.

Kwa hiyo Wabajuni wanapokutana leo, kwenye harusi ya Mombasa au katika ukumbi wa kukodi katika mji wa baridi, na kijana mmoja akafungua kinanda akapiga wimbo wa zamani, wanaokaa mbele ni wachache kuliko wale wa Unguja, na nyuma yao hakuna sahani ya santuri ya kukimbilia wakisahau. Bibi akikosea neno la vave, hakuna mwingine ukumbini wa kumsahihisha ila aliyekaa ubavuni mwake. Hata hivyo huwa wanabishana, na ubishi wao ni raha kuusikiliza: huyu anasema neno ni la Chovai, yule anasema kwao Burgao halisemwi hivyo, na wa tatu anakumbuka kwamba baba yake aliuimba ubeti huo kwa namna nyingine kabisa. Siku hizi vijana wengi huweka simu juu ya meza katikati yao na kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Shaaban Robert hakuwa na hata chombo hicho. Alikuwa na karatasi na kalamu, na mwanamke mzee mgonjwa aliyekuwa tayari kujibu. Alianza kwa kumwuliza kuhusu Fumba, vyungu na wazazi wake, kabla hajafika kwenye kasri na Bombay, na kwa sababu hiyo tunalijua jina la Mtumwa.